Jikoni Mwangu Sihami

Free Area, Nakuru
Jumapili, 9 Februari 2025

Mugure mwanangu,

Pokea salamu za nyumbani, ambapo vumbi la mwezi huu limeingia hadi kwenye kabati la vikombe. Mimi niko salama. Kanisani nimetoka kwaya, siku hizi napanga maua. Nikiimba naimba wimbo wangu na wenzangu wanaimba wao. Mchungaji ni mpole, hakutaja masikio. Alisema tu maua yanataka mtu mwenye jicho zuri. Cheptanui wa maziwa, jirani yetu, anakusalimu sana. Anauliza kama huko Samburu umeshajifunza kuvaa shanga.

Asante kwa kuandika badala ya kupiga simu. Ukipiga nasikia mvumo tu, kama maji yakipita kwenye bomba, halafu najibu swali ambalo hukuuliza. Na meseji za simu, zile herufi ni kama sisimizi. Barua naisoma pale mlangoni penye mwanga, naisoma tena, naelewa.

Sasa jambo lenyewe. Kaka yako Kabiru alikuja wiki iliyopita na mkewe Sue, bila kuniarifu. Kabla hata ya chai aliingia jikoni akaanza kupiga picha. Akapiga jiko, akapiga friji, mpaka soketi. Kisha akaniinamia hapa sikioni akasema, "Mum, hii si kitchen, hii ni museum." Sue akacheka. Mimi pia nikacheka, ingawa sikuona cha kuchekesha.

Ni kweli vitu ni vya zamani. Lile jiko la gesi na umeme tulinunua na marehemu baba yako ukiwa nasari, na ile sahani yake ya umeme sasa haifanyi kazi. Mlango wa friji naufunga kwa mpira wa baiskeli. Lakini mimi vinanitosha. Kabiru anasema vyote vitupwe. Wewe unaonaje, nibadilishe au niache? Nakuuliza wewe kwa sababu ulijifunzia kupika hapo, yeye alijifunzia kula.

Usishangae mwandiko. Nilijikwaruza mkono kidogo, kwa hivyo naandika polepole.

Mama yako,
Wawira


Karibu na Baragoi
2 Machi 2025

Mama,

Nimefurahi kukusoma, ingawa barua yako ilichelewa. Ilipita Nyahururu, ikalala Maralal, kisha ikakaa kwenye mfuko wa koti la dereva hadi siku alipolifua. Haijaharibika sana. Mimi ni mzima. Jua ni kali, mbuzi wanalala kwenye kivuli cha tangi letu la maji na hatuna moyo wa kuwafukuza.

Habari kubwa ya huku ni ile wodi ya kujifungulia. Kuta zimefika juu ya madirisha. Kwa sasa akina mama wanajifungulia chumba kimoja na wagonjwa wengine, pazia likiwa katikati. Kwa kuwa zahanati iko mikononi mwangu, nashinda nikibishana na mafundi kuhusu saruji. Kosgei, nesi mwenzangu, anasema nikimaliza kazi hii nitaweza kuoa, nimeshakuwa mwanaume wa mjengo.

Kuhusu jikoni, mimi ningeanza na friji. Friji inayofungwa na mpira wa baiskeli inakula umeme mchana na usiku kupoza hewa ya Free Area. Jiko lipate fundi kwanza, alikague, halafu ndio uamue.

Lakini Mama, mkono. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, na tangu siku hiyo herufi zako zimesimama wima. Hizi za sasa zimelala zote upande mmoja. Ni mkono gani? Mkwaruzo ni mkubwa kiasi gani, na ulipaka nini? Nieleze kama unavyomweleza nesi, si kama unavyomweleza mtoto.

Kabiru alinipata kwenye simu siku nilipopanda mlimani kutafuta mtandao. Tuliongea kidogo ukakatika. Hayo tutayazungumza siku nyingine.

Wako,
Mugure


Free Area
16 Machi 2025

Mugure mwanangu,

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Wingu limeanza kukusanyika upande wa Menengai na watu wanatayarisha mashamba. Mtoto wa Cheptanui amepata kazi kwenye lori za mafuta, sasa mama yake kila akisikia ajali Salgaa anafunga duka na kuanza kuomba. Mkono umepona, asante.

Umesema kweli kuhusu friji. Imekufa, na haikuniambia. Zamani ilikuwa inanguruma mpaka wageni wanauliza ni gari gani. Sasa kwa kuwa siisikii, huwa naigusa ubavuni kama ng'ombe, nione kama inatetemeka. Nilisahau kuigusa, maziwa yakaganda, nyama ikaharibika. Ni Cheptanui aliyenusa akiwa mlangoni.

Kabiru naye ameniletea jiko jipya la umeme. Juu ni kioo cheusi kitupu, halina cha kushika wala cha kuzungusha. Unaligusa kwa kidole na linakujibu kwa kulia, pii, pii. Sue aliniandikia kwenye karatasi jinsi linavyolia: mara moja likiwaka, mara mbili likizima, na mfululizo likiwa bado na moto. Mwanangu, mimi nalitazama na lenyewe linanitazama. Nimelirudisha kwenye boksi lake sebuleni, nikatandika kitambaa juu. Ni meza nzuri.

Siku hiyo Kabiru alisema jambo ambalo sikulishika vizuri, nikamwomba Sue aliandike. Akaandika: "Nyumba ipangishwe, Mum ahamie kwetu Ruiru. Family itakutana Madaraka Day, tarehe moja Juni, kumaliza hiyo story." Nikamtazama Kabiru. Akaniambia hapa sikioni, "Hata Mugure amekubali."

Umekubali nini, Mugure?

Kwa Kabiru ni ghorofa ya tano. Jikoni kuna msichana wa kazi, na ni mzuri, sina neno naye. Lakini mimi nitaamka asubuhi nifanye nini? Nitaketi dirishani nitazame magari ya Thika Road mpaka saa ya chakula, niitwe kama mtoto?

Mama


Karibu na Baragoi
2 Aprili 2025

Mama,

Nakusalimu mbiombio, gari la Maralal liko hapa nje na dereva ameshawasha.

Sikukubali. Kabiru alipotaja habari ya Ruiru nilinyamaza, nikitafuta neno, na mtandao ukakatika nikiwa bado nimenyamaza. Yeye akachukua kile kimya akakifanya jibu. Siwezi kumlaumu sana, maana kabla ya hapo alikuwa amenitumia picha, na hiyo picha ndiyo iliyonifunga mdomo.

Ukuta wa nyuma ya jiko ni mweusi hadi kwenye dari. Pazia la dirisha halipo. Waya wa jiko umeyeyuka umekuwa kama uji.

Mama, kuliungua lini? Na usiniambie tena habari ya mkwaruzo.

Mugure


Free Area
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Mugure,

Tumetoka kanisani na matawi yetu, na nyumba inanukia vizuri. Mvua imeanza kwa fujo, barabara ya kwetu imekuwa mto. Sote ni wazima. Ninaandika nikiwa nimekaa jikoni kwenyewe, ili nisiongope.

Ilikuwa Januari, asubuhi. Nilikuwa nimetia mahindi na maharagwe kwenye ile sahani ya umeme, kuokoa gesi, nikaenda uani kuanua nguo. Cheptanui anasema waya ulikuwa unapasuka kwa sauti, tap, tap, hata yeye alisikia akiwa dukani akafikiri ni watoto wanavunja vijiti. Mimi nilikuwa karibu kuliko yeye na sikusikia kitu. Niliporudi pazia lilikuwa linawaka. Nikalivuta kwa mkono. Ndio huo mkono, wa kulia, kutoka hapa kwenye vidole mpaka kwenye kifundo. Cheptanui aliingia mbio, akazima swichi ya ukutani, akamwaga ndoo nzima ya mchanga. Akanipeleka hospitali na boda boda. Waliniosha, wakanifunga, wakanipa dawa. Umepona kweli sasa, vidole viwili tu bado ni vigumu asubuhi.

Sikukuambia kwa sababu nilijua kitakachofuata. Nilijua mtasema Mama hawezi tena kuishi peke yake. Kabiru aliambiwa na mtu wa hapa mtaani, ndiyo maana alikuja bila kuniarifu. Na mimi nilimdanganya yeye pia, nikamwambia ni moshi wa mkaa. Mtu mzima kama mimi, mwalimu wa nasari miaka yote hiyo, nimeficha mkono nyuma ya mgongo kama wale watoto niliokuwa nikiwafundisha.

Nimefikiri sana, Mugure. Kabiru ana haki ya kuogopa. Lakini dawa aliyoleta si dawa yangu. Nyumba haikuungua kwa sababu nimezeeka. Iliungua kwa sababu jiko limechoka na mimi nalisikiliza kwa masikio yaliyochoka. Basi tuondoe jiko, na masikio tuyatafutie kitu kingine. Kwa hivyo jibu la lile swali langu la kwanza nimelipata mwenyewe: nabadilisha. Nabadilisha vyote, ila mashine yangu ya kusaga nyama, ile ya kukaza mezani, hiyo haina waya na haijamdhuru mtu. Zamu yangu imefika kwenye chama chetu cha akiba na nimeshawaambia akina mama sitaki sufuria, nipeni pesa yenyewe.

Nisaidie jambo moja. Nifikirie: mtu asiyesikia atajuaje kwamba kuna moto?

Mama


Karibu na Baragoi
27 Aprili 2025

Mama yangu,

Salamu kutoka kwenye kisiwa. Mto umejaa pande zote mbili na magari hayapiti. Sijui barua hii itaondoka lini. Mafundi wa wodi wamekwama Maralal na mabati. Tuna dawa, tuna maji, tuna mbuzi.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikalia. Kosgei akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, na ndio maana nalia. Hayo yamekwisha. Usinifiche tena, nami sitakugombeza tena.

Swali lako nilimpelekea Kosgei, na tulilijadili siku nzima kati ya mgonjwa na mgonjwa. Jibu lilikuwa mbele yetu. Friji yetu ya chanjo ikipata joto inawasha taa nyekundu juu ya mlango. Hapa tunakuwa nje chini ya mti tukipima watoto, kuna upepo, kuna vilio, hakuna atakayesikia kengele. Taa tunaiona. Wewe una jicho zuri, mchungaji ameshasema. Kengele ya moshi ipo, inawekwa darini. Mtafute fundi aiunganishe na taa kubwa sebuleni, nyingine chumbani, ziwake na kuzima, ziwake na kuzima.

Jiko chukua la gesi, lenye vitasa vya kuzungusha unavyovisikia kwa vidole. Kuna aina ambayo moto ukizimika gesi inajifunga yenyewe. Uliza hiyo na usikubali nyingine. Mtungi ukae nje ya ukuta. Na friji iwe ndogo, yenye taa.

Halafu kabla Kabiru hajaja, pika. Pika kila siku. Hakikisha wewe mwenyewe kwamba unaweza. Ukiona huwezi, niambie mimi wa kwanza, na tutatafuta njia nyingine. Usiwe na wasiwasi, mimi pia nina mpango ninaoufanya. Nitakuambia ukitimia.

Mugure


Free Area
18 Mei 2025

Mugure mwanangu,

Barua yako ya kisiwani ilifika siku kumi zilizopita, imelowa na kukauka, nikaipiga pasi. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mpe Kosgei salamu, mwambie ana akili. Hapa mvua imepungua na sukuma wiki imekuwa miti.

Nisikilize sasa, nina mengi. Nilikuwa nimechoka kusubiri, nikaenda mjini na Cheptanui. Kijana wa dukani alianza kuzungumza na Cheptanui kana kwamba mimi ni mfuko alioubeba. "Huyu mathe anataka ya kioo, ndiyo iko kwa fashion." Cheptanui akamwambia, "Muulize mwenyewe, mimi nauza maziwa." Nikamwambia awashe jiko. Akawasha. Nikainama nikapuliza moto ukazimika, nikakaa kitako nikasubiri kunusa gesi, maana ikivuja siisikii. Watu wakakusanyika. La kwanza lilinuka. La pili likanuka. La tatu, kimya, halikutoa hata harufu kidogo. Nikasema, hili. Yule kijana alicheka mpaka akanipa kofia ya duka.

Barua yako ilipofika nikamwita Elphas, fundi wa stima wa hapa Free Area. Nilimsomea ile sehemu ya taa. Akakuna kichwa, akaenda, akarudi na kidude cheupe kama sahani. Akaniandikia: "Mathe, niliweka kama hii kwa hoteli moja, kuna mgeni alikuwa hasikii." Alitoa nyaya zote za zamani, akaniwekea swichi moja kubwa karibu na mlango. Mtungi uko nje kwenye kibanda chake, na kifungio cha gesi kiko hapo hapo mlangoni, nanyoosha tu mkono. Taa iko sebuleni juu ya picha ya baba yako na nyingine juu ya kitanda. Tukachoma gazeti kujaribu. Mugure! Nyumba nzima ilikuwa nyekundu kama kuna sherehe. Cheptanui alipiga vigelegele, najua kwa sababu niliuona mdomo wake.

Ukuta nimepaka rangi ya maziwa. Tangu siku hiyo napika. Nimepika mukimo, nimepika samaki, na Alhamisi nilichoma mkate kwenye oveni mpya ukapanda mpaka ukagusa juu. Vile vidole viwili vimelainika kwa kukanda unga.

Sasa nina la kukugombeza, ijapokuwa hatujakubaliana nisikugombeze. Sue amenitumia karatasi kupitia kwa dereva wa shuttle, zile gari za abiria. Anasema umeomba uhamisho uje Nakuru ukae nami, na kwamba Kabiru anajua. Huo ndio mpango wako? Utaacha wodi ikiwa haina mabati, uwaache wale wanawake na pazia lao, uje kunilinda mimi na sufuria? Sijibu zaidi. Ngoja Madaraka ipite.

Mama


Free Area
Jumapili, 8 Juni 2025

Mugure,

Leo salamu zangu ni ndefu kwa sababu moyo umejaa, lakini nitazifupisha ili nifike mahali ninapotaka kufika. Wote wazima. Wote wameshiba. Cheptanui anasema nikuandikie kwa herufi kubwa: TUMESHINDA.

Madaraka ilikuwa Jumapili iliyopita. Niliamka mapema nikaweka kuku wawili kwenye oveni, nikapika mbuzi, mukimo, na keki ya machungwa. Kabiru alifika na Sue na watoto, na nyuma yao akashuka mtu mmoja mnene mwenye kofia. Kabiru akanieleza sikioni: anaitwa Gedion, ana hoteli Salgaa, anataka nyumba karibu na mji kwa familia yake. Amekuja kuona nyumba. Yaani kikao hakijakaa na mpangaji ameshafika.

Nilimkaribisha. Mgeni ni mgeni. Nilimpa chai na kipande cha keki, na nikaona akila polepole, akiangalia keki kama mtu anayeangalia injini.

Sue alijitolea kumalizia chapati. Nikamwachia, nikaenda sebuleni kuketi na wageni. Watoto walikuwa wamewasha televisheni, nadhani kwa sauti kubwa, kwa sababu niliona Kabiru akipaza mdomo kumweleza Gedion habari za vyumba. Kumbe simu ya Sue iliita, naye akatoka uani kuzungumza. Sikumwona akitoka.

Nilichoona ni ukuta ukiwa mwekundu.

Mugure, hakuna aliyesimama. Watoto walifikiri ni televisheni. Kabiru alitazama taa akaendelea kuongea, na kile kidude cha darini kinalia, wananiambia kilikuwa kinalia kweli, lakini kelele ilikuwa nyingi. Mimi niliinuka. Sikukimbia. Niliingia jikoni, na kikaango kilikuwa kinawaka moto, mafuta yenyewe yanawaka, moto unafika hapa kifuani. Nikanyoosha mkono mlangoni nikafunga gesi. Nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa ya mbuzi, nikaushika mbele yangu kama ngao, nikafunika kikaango. Nikageuka, na nani yuko mlangoni? Kabiru, macho yamemtoka, ameshika ndoo ya maji.

Sijui nilipiga kelele kiasi gani. Cheptanui anasema alinisikia dukani. "Weka hayo maji chini, Kabiru! Mafuta hayazimwi na maji! Utatuunguza sote!"

Akaiweka chini. Mtoto wangu huyo mkubwa, mwenye gari na wafanyakazi, aliiweka ndoo sakafuni polepole kabisa, kama zamani nilipomkuta amebeba sukari.

Nikafungua dirisha. Moto ulikuwa umekufa chini ya mfuniko. Ukuta haukupata hata doa. Nikazima swichi ya taa, nikafuta meza, nikamwambia Sue aliyekuwa hapo nje bado ameshika simu, "Njoo mama, hakuna kilichoharibika. Chapati tutaanza nyingine."

Gedion alikuwa amekuja nyuma yao wote. Alitazama jiko, akatazama kifungio cha gesi, akatoka nje kuona mtungi, akarudi akatazama kile kidude cha darini. Kisha akavua kofia. Alizungumza na Kabiru, na Sue akaniandikia baadaye maneno yake, nimeihifadhi hiyo karatasi: "Boss, mimi niko na hoteli, na kitchen yangu Salgaa haiko hivi. Hii nyumba haihitaji mpangaji. Iko na mwenyewe." Halafu akaniomba kipande kingine cha keki.

Kabiru aliketi juu ya lile boksi la jiko la kioo, kwenye kitambaa changu, akashika kichwa. Nikaenda nikaketi kando yake. Akaniinamia sikioni, na safari hii hakuongea kwa sauti ya mwenyekiti. Alisema, "Mum, ile picha ya ukuta naiangalia kila siku. Nikiwa kazini simu ikiita nafikiri ni ya kuniambia umeungua."

Nikamwambia, "Ungeniambia unaogopa. Uliniambia ni museum."

Akacheka, akalia, yote pamoja. Nikamwonyesha mkono wangu. Ule wa kulia, nikaufungua wote mbele yake, hadi kwenye kifundo, mara ya kwanza tangu Januari. Akaushika. Nikamwambia na mimi pia niliogopa, na kwamba hofu ya mama na hofu ya mtoto zikifichana nyumba ndiyo inayoungua. Basi tukakaa hapo mpaka watoto wakaja kuuliza chakula kiko wapi.

Kikao kilichukua muda wa kunawa mikono. Kabiru alisimama akasema, "Meeting imeisha. Mum haendi mahali. Sasa tule." Wakala mpaka mifupa ya kuku ikang'aa. Gedion alikula mara tatu na ameniagiza keki mbili kila Ijumaa za hoteli yake. Nimemwambia nitafikiria, nisimwonyeshe haraka yangu. Lakini kesho nanunua unga.

Walipokuwa wakiondoka, Kabiru alilibeba lile boksi mwenyewe mpaka kwenye gari. Sue alinikumbatia, akaniambia polepole nikausoma mdomo wake: "Nifundishe hiyo keki."

Sasa wewe. Mimi sijawahi kukuamuru tangu ulipoolewa na hiyo kazi yako, lakini leo nakuamuru. Nenda Maralal ukaondoe hilo ombi. Usije kunilinda. Mimi nina taa.

Mama yako, mwenye nyumba,
Wawira


Karibu na Baragoi
29 Juni 2025

Mama,

Hujambo, mwenye nyumba. Mimi sijambo, na leo naandika nikiwa kwenye meza mpya, ndani ya chumba kipya chenye mabati, nanusa rangi.

Barua yako niliisoma kwa sauti. Nilianza na Kosgei, kisha mpishi akaja, kisha akina mama waliokuwa kwenye foleni wakataka kutafsiriwa. Nilipofika pale pa ndoo ya maji, mama mmoja mzee alisimama akakuigiza na mfuniko, mara mbili, na watu wakapiga makofi. Unajulikana huku sasa.

Nilikwenda Maralal siku iliyofuata. Karani alitafuta ombi langu, akaniuliza, "Una uhakika? Watu wakipata nafasi ya Nakuru hawarudishi." Nikamwambia nilikuwa nimeomba kwenda kumchunga mtu, na huyo mtu amenifukuza. Alilichana mbele yangu. Nilirudi nimepanda juu ya mifuko ya saruji, nikiimba njia nzima.

Sikukuambia kuhusu uhamisho kwa sababu nilijua utakataa. Unaona ninavyofanana nawe. Wodi ndiyo iliyonifanya nisilale. Kila nilipowaza kuja nyumbani nilifurahi, halafu nikawaza lile pazia.

Jumanne tulilitoa. Mama wa kwanza alifika alfajiri akitembea kwa miguu, pamoja na dada zake, akaingia kwenye chumba chenye mlango unaofungika. Kabla ya saa sita mchana alikuwa na mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye sauti ambayo hata wewe ungeisikia. Dada zake waliimba nje mpaka jioni. Kosgei alitoka akaketi chini ukutani, yule mtu wa mizaha, hakuwa na hata mmoja.

Kabiru amenitumia pesa za taa za wodi. Hakuandika kitu, alituma tu picha yake akikanda unga huko Ruiru, na Sue nyuma yake akicheka. Unga mwingine uko kwenye nywele.

Nimepewa likizo Agosti. Ni likizo, Mama, wala si uhamisho. Nitashuka Nakuru nikiwa nimechoka, nimejaa vumbi, na sitaingia jikoni hata kuchukua kijiko. Nitaketi sebuleni kama mgeni, nivue viatu, na nipikiwe.

Mugure